Wito haupiki bukari: Kolwezi inawavunja wauguzi wake wapya

KOLWEZI, Lualaba – Kuna neno ambalo muuguzi mpya wa Kolwezi analisikia kabla hajasikia habari yoyote ya mshahara. Neno hilo ni wito. Direkta anamwambia siku ya kwanza, muuguzi mkuu anamrudia siku ya tatu akimwona amechoka, na Jumapili analikuta tena kanisani. "Kazi yako ni wito, mwanangu, vumilia." Dereva wa lori anayepeleka shaba Kasumbalesa haambiwi kwamba kuendesha ni wito. Anayetoboa mwamba katika mgodi mkubwa haambiwi hivyo. Hao wanahesabiwa saa, wanapewa buti na kofia, na mwisho wa mwezi wanalipwa. Siku wasipolipwa wanafunga barabara, na mji mzima unaelewa kwa nini.

Neno hilo linafaa kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake limefichwa deni.

Anayeambiwa ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mara nyingi binti, aliyetoka ITM au ISTM. Wazazi walilipa masomo yake kwa kuuza mkaa, mahindi, pengine kiwanja. Diploma anayo, lakini matrikile ya Leta hana. Anapokelewa hospitalini "kwa kujaribu", bila mkataba, na kujaribu huko kunaweza kumaliza mwaka, miwili, mitatu. Kwa kuwa ni mpya na hana mkubwa wa kumsemea, anapelekwa mahali ambapo wengine hawataki kwenda: chumba cha wagonjwa wanaokaa muda mrefu.

Ulaya wana nyumba za wazee na za walemavu, zenye wauguzi wake na sheria zake. Lualaba desturi hiyo karibu haipo. Mzee anatunzwa nyumbani, na nyumbani kukishindikana, anabaki hospitali. Ndiyo maana chumba hicho kina watu wa kila namna. Kuna mchimbaji aliyevunjika mgongo udongo ulipomwangukia shimoni. Kuna mzee wa Gécamines aliyepigwa na kiharusi, mkono wa kuume hausikii tena. Kuna mama wa kisukari aliyekatwa mguu, na kijana aliyeungua na petroli. Kwenye jengo la pembeni kuna wa kifua kikuu, wa dawa za miezi 6 na zaidi. Na kuna waliokwisha kupona kabisa lakini hawatoki, kwa sababu faktire haijalipwa.

Kuhusu wachimbaji, mji huu una tabia mbaya. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV na zaidi ya watu 40 wakafa. Tarehe 15 Novemba 2025 daraja lilivunjika huko Kalando, na wakafa angalau 32. Redio zilihesabu maiti, viongozi walikuja na miwani yao myeusi, wakatoa pole. Anayetolewa shimoni akiwa hai, miguu haisikii, hahesabiwi na mtu. Habari yake inaishia mlangoni mwa hospitali. Hapo ndipo habari ya muuguzi mpya inapoanza.

Tupige hesabu ambayo wanaohubiri wito hawajawahi kuipiga. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo nyama ya mgongo na ya kiuno inaoza, vinatoka vidonda vya kulalia. Tuseme chumbani kuna wagonjwa 12 wa namna hiyo. Kumgeuza mmoja, kumpangusa, kunyoosha shuka na kuangalia mpira wa mkojo ni dakika 10, kama hakuna lililoharibika. Wagonjwa 12 mara dakika 10 ni dakika 120. Yaani akimaliza wa kumi na mbili, wa kwanza zamu yake imekwisha kufika. Bado hajachoma sindano hata moja, hajabadilisha serumu, hajafunga kidonda, hajaandika ripoti, hajakwenda haja. Na kumgeuza mwanamume aliyepooza kunataka watu wawili. Usiku yuko mmoja.

Kwa hiyo hawezi. Si kwamba ni mvivu au moyo wake ni mwepesi. Kazi yenyewe haiingii katika masaa ya usiku. Lakini asubuhi kidonda kikionekana, anayeulizwa ni yeye.

Huyo mtu wa pili, wa kushika upande wa pili wa shuka, Kolwezi ilimpata wapi miaka yote hii? Ilimpata katika familia. Kila anayesoma habari hii anajua: mgonjwa akilazwa, analazwa na mlinzi wake. Dada, mke, shangazi au mpwa analala chini ya kitanda juu ya kitenge, anaosha, anafua, anapika bukari uani, anakimbia kununua dawa, anamwamsha muuguzi serumu ikiisha. Hospitali haimlipi mtu huyo, haimwandiki popote, lakini bila yeye isingemaliza wiki. Ni mfanyakazi mkubwa kuliko wote, na jina lake halimo kwenye orodha yoyote.

Sasa mfanyakazi huyo anahamishwa.

Mwaka 2017 familia mamia ziliondolewa Kasulo ili mtaa ugeuzwe mahali pa kuchimba. Septemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watu waliolazimishwa kuondoka makwao kwa sababu ya migodi ya mkoa huu, wakiwamo wakazi wa Cité Gécamines, ambako mgodi wa COMMUS ulipanuka hadi kwenye nyumba za watu. Waliopokea franga walitafuta kiwanja pale franga hizo zilipotosha, yaani mbali. Familia nyingine zilikuwa zimetawanyika zamani: waliofukuzwa kwenda Kasai mwaka 1992 na 1993, kisha baadhi wakarudi bila shangazi wala mjomba wa kuwasaidia. Katika mazungumzo ya fidia zinahesabiwa nyumba, miti ya maembe na makaburi. Hakuna anayehesabu kwamba Mama Fulani alikuwa anatembea robo saa kumpelekea mume wake bukari hospitalini, na sasa anahitaji pikipiki ya wewa mara mbili kwa siku.

Wewa hasafirishi kwa wito. Mama anakuja kila siku, kisha kila siku ya tatu, kisha Jumapili. Mgonjwa anabaki peke yake na bakuli tupu. Majirani wa kitanda wanamgawia siku mbili, siku ya tatu nao hawana. Usiku anamwita muuguzi: "Mama muganga, njaa." Binti aliyesomea kufunga vidonda anatoa mkate wake mwenyewe kwenye mkoba.

Akifanya hivyo mara moja, ni moyo mzuri. Akifanya kila usiku, bila mshahara, ni hospitali inayoendeshwa kwa mkate wa mtoto wa watu.

Yuko basi katika kazi tatu. Ya kwanza ni ile aliyosomea. Ya pili ni ya familia iliyohamishwa. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: ulinzi wa waliopona bila kulipa. Kuwazuia wagonjwa hospitalini kwa sababu ya faktire ni jambo linalojulikana Kongo nzima, na hakuna anayelitetea hadharani. Lakini linafanyika, na mara nyingi funguo ya usiku iko mikononi mwa muuguzi wa zamu. Mgonjwa akitoroka, anaambiwa deni litakatwa kwake. Jioni alimfunga mama jeraha kwa upole, usiku anamzuia mlangoni. Nani angeweza kufanya hayo mawili kwa pamoja na bado alale vizuri?

Na franga zake zinatoka wapi? Asiye na matrikile hapati mshahara wa Leta wala primu ya hatari. Anategemea primu ya hospitali, ile inayogawanywa mwisho wa mwezi kutokana na malipo ya wagonjwa. Wakubwa wanachukua kwanza, yeye anapata kinachobaki. Maana yake ni kwamba mlo wake unategemea mgonjwa kulipa, na yeye amewekwa chumba cha wagonjwa wasioweza kulipa. Aliyepanga utaratibu huo, kama yupo, hakuupanga kwa ajili ya kutunza watu.

Mji unaona matokeo, lakini unayasoma vibaya. Binti aliyeanza kazi akicheka, miezi sita baadaye hachangamki. Nyumbani hasemi. Usingizi ukija anasikia anaitwa. Kila akipita mbele ya kitanda ambacho mtu alikufa mikononi mwake, moyo unamdunda. Kisha siku moja anamfokea mwanamke mzee aliyejichafua, mbele ya watu wote, na mitaani inasemwa: wauguzi wa siku hizi hawana huruma. Kumfokea mzee ni kosa, na yule mzee hakustahili. Lakini anayetaka jambo hilo likome inabidi ajue lilikotoka. Wengine hawafoki, wanaanza kuuza: glavu kwa bei yao, sindano kwa bei yao, "kitu kidogo" kabla ya kubadilisha bendeji. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu linamwangukia aliye maskini kuliko wote. Nalo pia lina mwanzo wake, na mwanzo huo ni mwezi wa nne bila kulipwa.

Hali hii haikuanzia Kolwezi, na imeandikwa muda mrefu. Mwaka 1974 huko Marekani, mtafiti Marlene Kramer, naye muuguzi, alitoa kitabu kizima juu ya mshtuko wanaoupata wauguzi wapya wanapotoka shule na kukuta kazi haifanani na waliyofundishwa, na kwa nini wengi wanaiacha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika uchovu huu katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa, na likauweka kama jambo linalotokana na kazi: msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Kazini. Halikusema unatokana na malezi mabaya, wala na imani ndogo. Direkta anayemjibu binti anayelia kwamba aombe zaidi, anamtibu mgonjwa asiye yeye.

Sala haina kosa. Wako wauguzi ambao bila kwaya ya Alhamisi wangekuwa wameacha zamani. Kosa ni kuitoa sala mahali ambapo mtu wa pili wa zamu ya usiku ndiye aliyetakiwa.

Wakubwa wa kazi wana jibu lao: "Sisi pia tulianza hivyo, tukavumilia." Hapana, si wote walianza hivyo. Waliofanya kazi katika hospitali za Gécamines wakati kampuni ilipokuwa na nguvu walikuwa na mshahara, nyumba ya kampuni, unga wa mgao, na dawa zilikuwemo kabatini. Mgonjwa hakuulizwa faktire, kwa sababu kampuni ndiyo ilimtibu mfanyakazi wake na familia yake. Kampuni ilipodhoofika miaka ya 1990, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari, ule mfumo ulikwenda nao. Wazee hao wa "hiari" ndio wengine wamelala sasa katika chumba kile. Waliotunzwa bure wanatunzwa leo na asiyelipwa. Na wale walioanza kazi katika miaka migumu iliyofuata, ambao kweli walivumilia, wajiulize wenzao wangapi waliosoma nao darasa moja bado wamevaa koti jeupe, na wangapi wanauza mafuta ya kupaka sokoni.

Jibu la pili ni la viongozi: Leta haina franga. Mahali pengine pa Kongo jibu hilo mtu angeweza kulisikiliza kwa huruma. Hapa ni Lualaba. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka chini ya ardhi ya mkoa huu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inasema ushuru wa madini ugawanywe: asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa miji na maeneo ambako madini yanachimbwa. Kobalti iliwekwa katika madini ya kimkakati mwaka huo huo, ushuru wake ukapanda hadi asilimia 10. Juu ya hayo kila kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Na mwaka 2001, Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo haijatimiza ahadi hiyo.

Franga za madini zinapofika kwenye afya, zinapenda sana kuta. Jengo linapakwa rangi, utepe unakatwa, picha inapigwa, kibao chenye jina la kampuni kinapigiliwa ukutani. Kuta zinahitajika, hakuna anayekataa. Lakini ukuta haumgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Katika mikutano ya kuandaa daftari la ahadi za kampuni kwa wenyeji, vijiji vinaomba shule, visima, zahanati, barabara, na ni haki. Ni mara ngapi ameulizwa muuguzi anayefanya kazi ndani ya zahanati hiyo anahitaji nini? Angesema mambo madogo kabisa: jengo la walinzi wa wagonjwa lenye jiko, ili familia za mbali zipate mahali pa kulala na kupikia. Boksi la glavu lisilofungiwa ofisini kwa mkubwa. Magodoro yanayofutika. Taa.

Kuna mambo yasiyohitaji hata mgodi, na hapo hospitali hazina udhuru. Zoni ya afya ikitaka, inaweza kuyaamuru wiki hii. Mpya asiachwe peke yake usiku katika miezi ya kwanza: awekwe na mkubwa wa kazi, na mkubwa huyo awe macho, si amelala ofisini. Zamu ikibadilishwa, wanaoondoka na wanaoingia wapite pamoja kitanda kwa kitanda, waseme nani amegeuzwa lini, nani hajala, nani amelia. Dakika 20 tu. Mtu akifa, waliomhudumia waketi kidogo kabla ya kurudi vitandani, mkubwa aseme kilichotokea na kama kulikuwa na la kufanya. Kifo cha kwanza anachokibeba kijana peke yake ndicho kinachomfukuza kazini, ingawa ataondoka miezi mingi baadaye na hakuna atakayekumbuka sababu. Na funguo ya mlango iondolewe mikononi mwake. Deni ni kazi ya ofisi, na kwa usahihi zaidi ni kazi ya huduma ya jamii ya Leta.

Wauguzi wapya wenyewe wamekwisha kubuni mbinu zao, na zinastahili kujulikana. Wako wanaoandika kwenye daftari dogo saa waliyomgeuza kila mgonjwa na idadi ya waliokuwa nao zamu hiyo. Daftari hilo linasaidia kichwa kupumzika, na siku ya kuulizwa linakuwa shahidi. Wako waliojiwekea mpaka: mkate mmoja kwa wiki kwa mgonjwa asiye na mtu, si zaidi, kwa sababu aliyeishiwa kabisa hamsaidii yeyote. Wako wanaowafundisha walinzi wa wagonjwa, siku ya kwanza tu, jinsi ya kumgeuza mtu kwa shuka bila kumkwaruza ngozi; mlinzi mmoja akishajua, anawafundisha wa vitanda vya jirani. Wako wanaorudi nyumbani kwa miguu wawili wawili baada ya zamu ya usiku, wakisimuliana yote mpaka yaishe, ili wasiingie nayo ndani. Mbinu hizi ni nzuri. Ubaya unakuja pale mkubwa anapozisifu na kusema, mnaona, wanaweza.

Vyama vyao navyo vina la kujibu. Oda ya Wauguzi iliundwa kwa sheria ya Julai 2016, na kila muuguzi anatakiwa ajiandikishe na kulipa mchango. Inajua kumwita kijana aliyekosea. Ingefaa ijue pia kumwita anayemweka kijana huyo peke yake na wagonjwa 12. Sendika, zikigoma, zinadai primu na vyeo kwa wenye matrikile. Asiye nayo anagoma kwa ajili ya wengine, kisha anarudi chumbani kwake vilevile alivyotoka.

Familia pia zina sauti katika jambo hili, kuliko zinavyodhani. Ukifika hospitali na kukuta ndugu ana kidonda mgongoni, swali la kwanza si "nani alikuwa zamu?" Ni "walikuwa wangapi?" Liulizwe kwa direkta, si kwa binti, na jibu liandikwe. Na zile familia ambazo zimeonyeshwa au zitaonyeshwa kiwanja kipya na wajumbe wa mgodi, kabla ya kutia sahihi ziulize pamoja na habari za maji na shule: hospitali iko umbali gani, pikipiki ni bei gani kwenda na kurudi, na mgonjwa aliyelazwa leo nani atampelekea bukari kesho. Safari hizo zina bei. Ziandikwe kwenye karatasi ya fidia, katika mstari wake wenyewe, pamoja na miti ya maembe.